Soko Lina Macho, Sebule Haina

Mwaka jana, Ijumaa moja jioni hapa Kitengela, dada wa kazi kwenye ploti yetu alifutwa kwa sababu ya nyanya.

Sio utani. Alikuwa ameenda kwa mama mboga kununua nyanya na dhania, mtoto akiwa mgongoni. Mama mtoto akafika nyumbani mapema kuliko kawaida, akapata mlango umefungwa kwa kufuli na simu ya dada haishikiki. Alizunguka ploti akigonga mlango mmoja baada ya mwingine. Kwetu pia aligonga. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na hiyo siwezi kuisahau. Baada ya dakika kama 40 hivi dada akatokea kwenye kona, mtoto akitafuna ndizi, wote wawili wako sawa kabisa. Kufikia saa mbili usiku begi ya dada ilikuwa kwa geti.

Ploti ikagawanyika. Wengine wakasema, "Ni sawa, mtoto wa wenyewe huwezi kumzungusha mtaani bila ruhusa." Wengine wakasema, "Kwani alitaka mtoto afungiwe ndani ndio nyanya zinunuliwe?" Mimi siku hiyo nilinyamaza. Lakini swali lilinikaa kichwani: mtu anayelea mtoto wa mwingine, anafaa kutoka naye akienda shughuli zake? Sokoni, dukani, kanisani, kwa fundi?

Mnanijua. Siwezi kujibu swali kabla sijauliza lilianzia wapi. Nimesoma, nimeuliza wazee, na sasa niko na jibu. Dada anafaa kutoka na mtoto. Sijasema anaweza, nimesema anafaa. Na sababu yangu kubwa sio ile ya kwamba mtoto anahitaji hewa safi. Hebu nianze nyumbani.

Malezi yalikuwa yanatembea

Mimi ni wa Loitokitok. Kama hujafika, ni mji ulio chini kabisa ya Kilimanjaro, mpakani. Asubuhi ikiwa safi unaona theluji ya mlima ambao wenyewe uko Tanzania. Siku ya soko unapata ndizi kutoka upande wa Wachaga, nyanya na vitunguu kutoka mashamba ya kunyunyizia maji ya Kimana, mashuka, mitumba, mbuzi. Na unapata watoto kila mahali. Mgongoni, chini ya meza, juu ya gunia la maharagwe, wamelala katikati ya kelele. Sijawahi kusikia mtu Loitokitok akijadili kama mtoto anafaa kwenda sokoni. Angeachwa na nani?

Kwenye boma la Kimaasai la zamani, enkang, nyumba zilizunguka zizi, na mtoto alizunguka kwa watu. Alikuwa kwa yeyo, yaani mama. Yeyo akienda maji, alikuwa kwa dada yake. Dada akienda kuni, alienda naye mgongoni, ama akabaki kwa koko, shosho wa boma. Mvulana akipata nguvu kidogo alipewa wana-kondoo na wana-mbuzi achunge karibu na boma, mahali sauti ya mtu mzima ingemfikia. Halafu ndama. Ng'ombe wa mbali walikuja baadaye sana. Ukiangalia vizuri utaona huo ni mtaala. Umbali kutoka nyumbani ulikuwa ndio darasa lako.

Na hawakuwa Wamaasai peke yao. Jomo Kenyatta, kwenye kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, anaeleza vile mtoto wa Kikuyu alijifunza: mvulana akiandamana na baba, msichana na mama, wakijua mimea, mipaka ya mashamba na kazi za mikono kwa kuwa pale zinapofanyika. Kwa Wakisii, katikati ya miaka ya 1950, Robert na Barbara LeVine walikaa Nyansongo wakaandika jinsi mtoto mchanga alivyokabidhiwa mtoto mkubwa wa kumlea wakati mama yuko shambani. Yaya wa kwanza wa Kenya hakuwa mwanamke wa kulipwa. Alikuwa msichana mdogo, na popote alipotumwa, mtoto alienda.

Kutumwa ni akili

Hii sehemu ndiyo ilinishtua zaidi.

Miaka ya 1970, Wamarekani wawili, Charles Super na Sara Harkness, walikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis. Walipima watoto wachanga wakaona kwamba wale wa Kokwet walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, tofauti ya karibu mwezi mmoja. Watu wengi wangesema ni damu ya Kiafrika. Super akasema hapana. Alionyesha kwamba wazazi wa Kokwet walikuwa wanawafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, na kwamba watoto walishinda siku nzima wamebebwa na kushikwa wima. Kutambaa, ambako hakuna mtu aliyekufundisha, hakukuja mapema. Mtoto huwahi kile alichopewa nafasi ya kufanya.

Halafu wakauliza wazazi: mtoto mwerevu ni yupi? Wakipsigis walitofautisha akili mbili. Kuna ng'om ya shule na kuna ng'om ya nyumbani. Ya nyumbani ni ya mtoto ambaye ukimtuma, anaenda, anafanya, anarudi, hata akiona kitu hakikwenda sawa anajua la kufanya bila kuambiwa. Robert Serpell alikuta kitu cha jinsi hiyo mashariki mwa Zambia. Ili kujua watu wazima wanaona akili ya mtoto wapi, aliwauliza ni nani kati ya watoto hawa ungemtuma kazi fulani, na kwa nini.

Sasa nijibu wewe uliyekulia gorofa ya tatu nyuma ya geti: wewe ulitumwa lini mara ya kwanza? Mimi nilitumwa chumvi nikiwa na miaka mitano, na hesabu ya kwanza niliyoifanya maishani ilikuwa ya chenji. Lakini sikuanza kutumwa siku hiyo. Nilikuwa nimeenda duka hilo mara mia moja nikiwa nimeshikwa mkono. Muuzaji alinijua. Mbwa wa kona nilimjua. Kabla mtoto atumwe, lazima kwanza apelekwe.

Usinidanganye na za kale

Wacha niseme pia upande ule mwingine, maana najua kuna watu washaanza kuimba "zamani ndio ilikuwa maisha".

Zamani ilikuwa na fisi. Karibu na Amboseli zamani ilikuwa na ndovu, na bado ni ndovu. Mtoto anayechunga mifugo hakuwa kwenye sinema, alikuwa kazini. Na yule dada mdogo aliyebeba mtoto mgongoni kila alipotumwa alikuwa na bei yake: hakuwa shuleni. Kwa kila mama aliyeweza kwenda shambani kulikuwa na msichana wa miaka minane aliyelipa kwa elimu yake.

Mlango huo ulifungwa polepole. Karo ya madarasa ya chini ya msingi iliondolewa 1974. Januari 2003 elimu yote ya msingi ikawa bila karo, na darasa zikafurika. Sheria ya Watoto ya 2001 ikawa imeshaweka wazi kwamba mtoto ana haki ya elimu na ya kulindwa dhidi ya kazi za kumnyonya. Hayo yote ni mazuri na siyarudishi nyuma. Lakini angalia matokeo: yaya wa jadi alienda shule, na mahali pake pakabaki wazi. Mtu wa kulipwa akaingia hapo, na kwa sababu analipwa, akaja na maswali ambayo boma halikuwa nayo. Anamtii nani? Anaruhusiwa kufika wapi? Kukitokea kitu, nani analaumiwa?

Neno lenyewe lilikuja na meli

Maswali hayo yana historia ya zamani kuliko ploti yetu. Chukua hili neno yaya. Waingereza walilitoa India, wakasema ayah, na India lilikuwa limefika na Wareno, kwao aia. Lilikuwa neno la mwanamke anayelea watoto wa tajiri. Familia za Kiingereza ziliporudi kwao kutoka India zilibeba ayah melini alee watoto njiani, wiki kwa wiki juu ya maji. Huo ndio mtoko mrefu kabisa ambao yaya amewahi kutoka na mtoto. Wengine wakifika London waliachwa hapo, kazi imeisha, tiketi ya kurudi hakuna. Walikuwa wengi kiasi cha kuwa na nyumba yao maalum ya kuwahifadhi, na jengo lake la Hackney liliwekewa bango la kumbukumbu Juni 2022. Mtoto alifika salama. Aliyemfikisha akawa tatizo la mtu mwingine.

Hapa Kenya walowezi walianza na wanaume. Jikoni, bustanini, hata kwa watoto, kazi ya nyumba ilikuwa ya "boi", mwanaume mzima anayeitwa boi. Kuanzia 1919 na 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, mkebe shingoni wenye karatasi ya mahali anapofanya kazi na mwajiri aliyemwachilia. Kufikia miaka ya 1920 walowezi walikuwa wakilalamika hadharani kwamba ni hatari kuwaachia wanaume Waafrika watoto wao, na ayah wa kike akaanza kutafutwa zaidi. Soma hapo vizuri. Hawakusema tuwalee wenyewe. Walisema tutafute mtu mwingine wa kumwachia na kumshuku.

Na walituachia ramani. Nairobi ilipangwa kwa rangi: huku wazungu, kule Wahindi, Waafrika mbali. Nyumba ikawekwa katikati ya bustani, ua ukazunguka, na chumba cha mfanyakazi kikajengwa nyuma. Sisi bado tunakiita SQ, na bado tunakijenga. Ayah alimsukuma mtoto kwa kigari ndani ya bustani. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii malezi yakawa kitu kinachofanyika ndani ya ua, na mtu mmoja, bila macho ya watu wengine.

Hilo neno macho lishike. Tutarudi.

Kituo kilizaliwa wapi

Kuna historia nyingine, ya watoto wengi kuwekwa pamoja, ile ambayo leo inakuja na bango la "Baby Care" limechorwa kwa mkono kwenye mabati.

Mwaka wa 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilihamisha watu zaidi ya milioni moja wa Kenya ya kati na kuwafungia katika vijiji vya dharura vilivyozungushwa ulinzi. Wanawake walilazimishwa kufanya kazi za umma, kuchimba mahandaki na kulima. Watoto wao? Vituo vya kuwaweka watoto vilianza kwenye vijiji hivyo, na vingine kwenye mashamba makubwa ya chai na kahawa. Kwa hivyo kituo cha watoto kwa Waafrika wengi wa nchi hii hakikuanza kama shule. Kilianza kama mahali pa kumweka mtoto ili mama aende kazi asiyoichagua.

Baada ya uhuru akina mama walikichukua wakakigeuza. Kwa harambee, kwa mabati na udongo, walijenga chekechea zao wenyewe kote nchini, wakalipa walimu wao wenyewe. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 Wasamburu, ndugu zetu wa lugha ya Maa, walifanya jambo ninalolipenda sana. Kwa msaada wa mashirika, walirudisha loipi, kivuli. Ni uwanja wenye kivuli na uzio ambapo makoko wanakaa na watoto wa jamii nzima, wakiwasimulia na kuwachezesha, huku yeyo akienda maji, kuni au soko. Hapo jibu lao kwa swali letu lilikuwa tofauti: mtoto mdogo si lazima aandamane na kila safari ya mtu mzima. Lakini angalia aliachwa wapi. Hakuachwa kwa mlango uliofungwa. Aliachwa kwa wengi.

Maji yalishuka, wasichana wakafuata

Sasa turudi Kitengela. Kuna bomba la maji la Nolturesh. Linaanzia kwenye chemchemi za Kilimanjaro, Loitokitok, linavuka nyika hadi Machakos, Kajiado na Athi River. Kwa miaka mingi maji ya kwetu yamekuwa yakishuka kwenda kwa viwanda. Wasichana wa kwetu wakafuata njia ile ile.

Sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, EPZ, ilipita 1990, na Athi River ikapata eneo lake kubwa. Mwaka wa 2000 Marekani ikapitisha AGOA, nguo za Kenya zikaingia kwao bila ushuru, viwanda vikajaa cherehani na cherehani zikajaa wanawake. Wakatafuta nyumba za kodi nafuu hapo jirani. Kitengela, ambayo ilikuwa malisho, ikawa ploti juu ya ploti. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika mji huu, katika kaunti ya watu 1,117,840.

Fanya hesabu ya mama wa kiwandani. Anatoka kabla jua halijatoka, anarudi giza. Shosho yuko kijijini. Binti mkubwa yuko shule. Jirani hajui jina lake. Kwa hivyo kuna njia mbili: kituo cha mabati chenye mama mmoja na watoto wengi, ama msichana wa kutoka kijijini. Na yule msichana wa kutoka kijijini, mara nyingi ana mtoto wake amemwacha kwa shosho. Yaani mtoto mmoja Kitengela analelewa kwa sababu mwingine Loitokitok ameachwa. Tukiongea kuhusu dada kana kwamba ni mashine ya kuosha vyombo, tukumbuke hiyo.

Kinachofuata ni uoga, na uoga huo si wa bure. Barabara ya Namanga inapita katikati ya mji na malori yake. Nduthi ziko kila kona. Mtoto akipotea kwenye boma, kila mtu angejua ni wa nani. Akipotea Kitengela, nani anajua? Yule mama wa ploti yetu hakuwa mwendawazimu. Alikuwa anafanya hesabu hiyo kwa dakika 40.

Video ya 2014

Halafu kukaja ile video. Wengi wenu mlikuwa watoto. Novemba 2014, kutoka Kampala, video ya yaya akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo ilizunguka Afrika Mashariki yote na dunia nzima. Yaya huyo alifungwa miaka minne. Nakumbuka watu wazima wakiitazama kimya. Baada ya hapo kila mzazi aliyekuwa na uwezo aliongea kuhusu kamera, na dada wengi wakaambiwa sheria mpya: usitoke, usifungue mlango, usiongee na majirani.

Lakini fikiria video yenyewe. Ilirekodiwa wapi? Sokoni? Kwenye stage? Kwa mama mboga? Ilirekodiwa sebuleni, mlango umefungwa, hakuna mtu mwingine. Baba aliweka kamera ya siri kwa sababu aliona alama kwenye mwili wa mtoto, na hakukuwa na jicho lingine lolote la kumweleza. Sisi tukaogopa kilichotokea ndani, halafu dawa tuliyoichagua ikawa kuwafungia ndani zaidi.

Hii ndiyo hoja yangu yote. Mwanzo wa historia hii malezi yalikuwa mbele ya watu. Kwenye boma, sokoni, kisimani, kwenye loipi, aliyemshika mtoto vibaya alionekana na kuulizwa. Ua wa mlowezi ulitoa macho hayo. Geti la leo limeyatoa tena. Dada anayepita kwa mama mboga kila siku na mtoto, mama mboga anamjua mtoto. Atajua akinyamaza ghafla. Atajua akija na jeraha. Muuza duka atajua, soja wa geti atajua, mama wa kuuza mandazi atajua. Kamera inakuonyesha kilichokwisha tokea. Mama mboga anauliza leo leo, "Mbona mtoto hachangamki?" Soko lina macho. Sebule haina.

Na macho hayo yanamlinda dada pia. Nchi za Ghuba tumesikia ya kutosha: wasichana wa Kenya kwenye mfumo wa kafala, pasipoti imechukuliwa, hawaruhusiwi kutoka nyumba, hakuna jirani wa kumwambia. Tunalia wakirudi ndani ya sanduku. Sawa, na yule aliye jikoni kwako Kitengela, ambaye hajatoka geti tangu Jumapili ya mwezi uliopita? Kufungiwa hakuanzii uwanja wa ndege.

Basi tufanyeje

Siwezi kuwaacha na historia tu. Msimamo wangu ni huu.

Kwanza, ruhusa ipatikane kabla, sio lawama baadaye. Mama na dada wakae siku ya kwanza waelewane: duka lipi, soko lipi, saa ngapi, nani anapigiwa. Pale ploti yetu, kosa halikuwa kutoka. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa amesema lolote, na simu ilikuwa haina chaji. Karatasi kwenye mlango yenye neno "kwa mama mboga" ingeokoa kazi ya mtu na moyo wa mama.

Pili, tofautisha mtoko wa mtoto na mzigo wa mama. Ukimtuma dada gesi, unga wa kilo kumi na mtoto mgongoni, hujampa mtoto mtoko, umempa dada punda mbili. Kazi nzito ifanywe na mtu asiye na mtoto mikononi. Mtoko wa mtoto uwe mwepesi na wa polepole, mtoto aguse, aulize, ashike chenji.

Tatu, kwa miguu. Sheria ya Trafiki inaruhusu nduthi abiria mmoja tu, na mtoto ni abiria. Dada, mtoto katikati, na kapu mbele ya mwendeshaji, hiyo hapana, hata kama ni stage mbili tu na hata kama ni mama mwenyewe amesema. Kuvuka barabara ya Namanga kwa sababu ya dhania, hiyo pia hapana.

Nne, vituo ni kesi yake. Mama mmoja na watoto wanane hawezi kwenda popote nao, na pia hawezi kuwaacha akimbie dukani. Hapo jibu ni mtu wa pili. Wakiwa wawili, wawatoe watoto hata kama ni hadi chini ya mti wa karibu. Denmark, tangu miaka ya 1950, kuna chekechea ambazo watoto hushinda msituni na walimu wao, mvua au jua, na watu wanasafiri kwenda kujifunza hilo kwao. Sisi tulikuwa na koko na kivuli.

Tano, na hii ni yetu vijana, maana wengi wetu bado hatuna watoto lakini tuna majicho. Jua jina la dada wa ploti yako. Mjue na mtoto. Ukiwakuta dukani, wasalimie. Mkono mmoja haulei mwana, na mikono inaanza na kujuana. Ile Ijumaa, kama mmoja wetu angekuwa anajua dada huyo huenda kwa mama mboga gani, mama mtoto angeambiwa kwa sekunde tano. Mimi niliishi mlango wa tatu kutoka kwao miezi saba. Sikujua jina lake. Nilikuja kujua ni wa kwetu, Loitokitok, wakati alikuwa ameshikilia begi akisubiri matatu ya kwenda Emali.

Siku hizi kuna dada mwingine. Yeye hatoki. Mtoto sasa ana miaka mitatu, na saa kumi jioni utampata amesimama juu ya kiti, ameshika chuma za dirisha, akiangalia barabara. Juzi nilipita na mfuko wa nyanya akaniuliza, "Hiyo ni nini?"

Nikamwambia. Halafu nikamuuliza dada jina lake.